Kiatu cha Kushoto cha Balozi

Kwenye begi langu la safari nina kiatu kimoja cha ngozi nyeusi, cha mguu wa kushoto. Watu ninaolala nao kwenye nyumba za wageni, Kaliua, Uvinza, Malagarasi, kokote ninakofuata asali, wakikiona huuliza mwenzake yuko wapi. Nawajibu kuwa mwenzake yuko ubalozini. Wanacheka. Mimi sicheki, na wakizidi nawageuzia mgongo, maana habari hiyo ikianza tu, bega langu la kulia nalo linaanza kuuma.

Mwenye kiatu tulikua naye mtaa wa Chemchem, Tabora, nyumba yao na yetu zikitenganishwa na ukuta wa choo. Mama yake alikuwa balozi kabla yake. Balozi wa nyumba kumi. Siku hizi kuna wenyeviti wa mitaa na mihuri yao, lakini kwetu ukimwaga maji machafu mlangoni kwa jirani, au kuku wako akila mpunga wa watu, ulipelekwa kwa Mama Balozi. Kwenye mwarobaini mbele ya nyumba yake kilining'inia kipande cha reli. Akikigonga kwa nyundo, nyumba zote zilitoka, na shauri halikulala. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, na sijawahi kumwona mtu akitoka pale bila kuelewa kwa nini ameshindwa.

Baba yangu alikuwa Mzaramo. Kazi ya reli ilimleta Tabora na Tabora ikamzika. Wao ni Wanyamwezi wa Goweko. Hapo kila mtu wa Tabora ameshaelewa kwamba sisi ni watani, na utani wetu haukuanza na sisi. Mama Balozi alikuwa na namna yake ya kuusimulia.

"Mababu zetu walitembea mpaka pwani na mizigo mabegani," alikuwa akiniambia huku akinipakulia matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kuanika. "Walipofika, mababu zako wakawaibia mbuzi wa posho. Tangu siku hiyo wewe ni mtumwa wangu. Kula, Mzaramo, usije ukasikia ngoma ukaacha sahani."

"Mama, kati ya aliyebeba mzigo na aliyekula mbuzi, mtumwa ni nani?"

"Unaona mdomo huo? Ndiyo maana hamna hata ng'ombe."

Mtani ana haki ambazo ndugu wa damu hana. Anaweza kukuvua kofia mbele za watu. Anaweza kulala kaburini mwako akidai hazikwi mtu mpaka apewe pilau. Anakwambia lile ambalo mkeo analiogopa na bosi wako analificha, na wewe huna ruhusa ya kununa. Akikunyang'anya kitu unakwenda kukikomboa kwa chochote, jogoo, gunzi la mahindi, hata tusi zuri kuliko lake. Sharti ni moja tu: uje mwenyewe.

Mimi na mwanawe tulipigana mara moja tu kwa ubaya. Mama Balozi alikuwa ametuletea daluga za mpira kutoka mnada wa mitumba, jozi moja kwa watoto wawili. Tuliraruana mashati. Aligonga reli, akatukalisha mbele ya nyumba kumi kama watu wazima, akauliza: "Nani anapiga kwa mguu gani?" Mwanawe alikuwa wa kulia. Mimi nilikuwa wa kushoto, mguu wenyewe uliwaudhi makocha wote. Akakata shauri: cha kulia chake, cha kushoto changu. Miaka miwili tulicheza hivyo, kila mmoja na daluga moja, mguu wa pili raba iliyotoboka. Timu za mtaa wa Mtendeni zilituita Jozi. Walitucheka mpaka tulipoanza kuwafunga.

Yeye akaendelea. Nitasema haki yake: alikuwa mchezaji. Mpira ulipomfikia ulitulia kama mtoto aliyemwona mama yake. Alichukuliwa na timu kubwa ya Dar es Salaam tukiwa kidato cha nne, kisha akaenda Uarabuni, kisha Ulaya, kwenye nchi ya theluji ambako alijifunza lugha tatu na kusoma jioni baada ya mazoezi. Mimi nilimaliza shule, nikawa utingo wa malori, nikapanga tumbaku kwa madaraja Goweko, nikaingia kwenye asali. Sikai mahali. Sikuwahi kumwonea wivu. Kila aliporudi likizo nilimnyang'anya kitu, saa, miwani, na kila mara alikuja mwenyewe mpaka nilipo kukikomboa, akinitukana kuanzia mlangoni. Alipotundika daluga nilifikiri atarudi kufundisha watoto mpira. Badala yake akaajiriwa ubalozini, akapanda ngazi, na siku moja redio ikamtaja: ameteuliwa kuwa balozi.

Jirani yetu mmoja, bibi wa Kimanga ambaye ukoo wake umeuza vitambaa Tabora tangu enzi za misafara, alikuwa akichambua mchele kibarazani. Akauliza, "Balozi wa nyumba zipi?"

Tulicheka hadi machozi. Mama Balozi hakucheka sana. Alisema, "Mimi kumi zimenitoa mvi. Wao wamempa nchi nzima. Atalala saa ngapi?"

Tangu hapo mwanawe alianza kusema kwa wingi, sisi badala ya mimi. Ukimpigia simu anasema "tumelipokea". Mama yake alipoanguka bafuni msimu wa mvua akateguka kiuno, mwanawe alisema "tunalifuatilia kwa karibu". Alilifuatilia kwa karibu akiwa mbali. Bibi wa Kimanga na mimi ndio tuliomkanda kwa maji ya moto. Halafu, bila kumwuliza mtu yeyote aliyekuwepo, akaamua kuwa mama atahama Chemchem akaishi naye Dar es Salaam, alikokuwa amerudishwa wizarani kwa muda. Nyumba itafungwa. Alimwarifu mama yake kama anavyoarifiwa mgeni kuwa ndege imebadilishwa saa.

Nilikuwa Kaliua Mama Balozi aliponipigia.

"Njoo," alisema. "Jumamosi anakuja kunichukua, na wageni. Mimi sitaki kwenda. Mume wangu yuko Goweko, kaburi lake nalipalilia mimi. Watu wangu wako hapa. Lakini ni mwanangu, siwezi kumuumbua mbele ya wageni wake. Wewe unaweza."

"Nimtukane kiasi gani?"

"Mpaka akumbuke jina lako, mtumwa wangu."

Nilipanda gari asubuhi ileile.

Jumamosi lilifungwa turubai mbele ya nyumba. Viti vya plastiki vikapangwa, vya mbele vikavishwa vitambaa. Wanawake wa nyumba kumi walikuwa jikoni tangu alfajiri. Magari yakaingia, meupe, vioo vyeusi, yakaziba njia ya watu wanaokwenda kisimani. Wakashuka wageni wawili wa nje, maofisa kadhaa wa mjini, vijana wawili wa ulinzi wenye mashingo, na dada mmoja wa itifaki aliyeshika simu kama mtu aliyeshika yai. Mama Balozi aliletewa sahani ya matobolwa na karanga ampe mwanawe kwa mkono wake, kama alivyofanya kila aliporudi. Dada wa itifaki akaipokea njiani, akainama kwa adabu, akasema, "Mheshimiwa amekwishapata chakula hotelini, mama." Sahani ikaishia chini ya kiti. Hasira yangu ilianzia hapo, kwenye sahani.

Mwanawe alikaa. Kanenepa kidogo, kapendeza, suti ya rangi ya majivu. Miguu ameiweka juu ya mkeka wa mama yake na viatu vyake. Mkeka ambao hata mwizi angevua. Akasimama akazungumza. Alishukuru. Alisema anatambua mchango wa wakazi. Alisema familia imetafakari kwa kina na kuona umuhimu wa mama kupata huduma stahiki karibu na familia. Familia hiyo nilikuwa naitafuta kwa macho pale uwanjani. Mama alikuwa amekaa mbele yake, mikono mapajani, hajatafakari chochote na mtu yeyote. Bibi wa Kimanga akaninong'oneza, "Mbona anaongea kama anasoma maelekezo ya dawa?"

Alipoketi, nilitoka nyuma nikaenda mpaka mbele, nikapiga magoti kama ninayetaka kumsalimia. Nikamshika kifundo cha mguu, nikachomoa kiatu cha kushoto.

"Cha kushoto changu, Mnyamwezi," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Cha kulia baki nacho. Kitakusaidia kubebea mizigo, si ndiyo kazi ya ukoo? Ila mama si mzigo. Huyu humbebi."

Wanawake walipiga vigelegele. Wazee walicheka. Mtu akapaza sauti, "Kikomboe, kikomboe, baba, leta jogoo." Nami nilikuwa uso kwa uso naye, na ninaapa niliona pembe ya mdomo wake ikipanda. Alikumbuka. Tusi lilikuwa limekwishafika ulimini, nilimjua tangu utoto, nilijua linavyokuja. Kisha akawatazama wale wageni wawili, mdomo ukashuka ukafungwa.

Wale vijana walikuwa wamenifikia. Hawakuwa wajinga, ni Watanzania, utani wanaujua. Mmoja alimuuliza, "Mheshimiwa, mnafahamiana na huyu?"

Neno moja lilitosha. Mtani wangu. Mtoto wa chekechea analiweza. Hata angelisema kwa Kifaransa.

Akasema, "Msaidieni apumzike pembeni."

Nimelala kwenye malori, nimetukanwa na wenye malori, nimefukuzwa na mbwa Uvinza. Hakuna lililowahi kuniingia kama maneno hayo matatu. Msaidieni. Apumzike. Pembeni. Kila moja lina adabu yake, na yote matatu kwa pamoja yana maana ya mkono wa mtu kupindwa nyuma mpaka bega likalia. Walinisaidia. Walinipitisha mbele ya watu walioniona nikizaliwa, wakanipumzisha nyuma ya banda la kuku. Kiatu kilianguka njiani. Huku nyuma nilimsikia akiwaambia wageni wake jambo kwa Kiingereza, na wageni wakatikisa vichwa kwa huruma. Mpaka leo sijui aliwaambia mimi ni nani, na mpaka leo nataka kujua.

Kisha nikasikia reli.

Haikuwa imegongwa tangu Mama Balozi alipoteguka kiuno. Aligonga polepole, kwa mkono mmoja, mwingine ameshika mti. Waliokuwa jikoni wakatoka na miko mikononi. Waliokuwa wamekaa wakasimama, wakaacha viti vyenye vitambaa, wakaenda kukaa chini ya mwarobaini, mahali pa mashauri. Wale vijana nao wakaniachia, nadhani hawakujua reli ile ina mamlaka gani.

Dada wa itifaki alimwendea. "Mama, samahani, ratiba inatubana."

"Ratiba ni ya kwako, mwanangu. Mimi nina shauri." Akakaa kwenye kigoda. Kiatu kilikuwa mapajani mwake, alikuwa amekiokota mwenyewe. "Mwiteni balozi. Mwambieni anaitwa na balozi."

Alikuja. Mguu mmoja na soksi, akikanyaga vumbi kwa uangalifu. Alikaa chini kama mtu mwingine yeyote, na hilo nalo nitamhesabia haki. Mimi nilisimama, nimeshika bega.

"Mwanangu," mama yake akasema, "huyu nani?"

"Mama, ni mwenzetu wa siku nyingi. Tunamheshimu sana."

"Sikuuliza heshima. Nani?"

"Ni rafiki wa familia."

Minong'ono ikapita. Bibi wa Kimanga akasema bila kumwangalia mtu, "Basi Mungu atuepushe na kuwa maadui wa familia."

Mama Balozi hakutabasamu. Alikuwa akimtazama mwanawe kwa namna ambayo sikuipenda. Nilitaka amkaripie. Yeye alikuwa akimtazama kama mtu anayemkagua mtoto mwenye homa, akitafuta inatokea wapi.

"Huko kwenye kazi yako," akamuuliza, "nani anakutania?"

"Mama, mazingira ya kazi yetu hayana…"

"Ukivaa vibaya nani anakwambia? Ukisema upuuzi nani anakucheka mbele yako, siyo nyuma yako?"

Alikung'uta vumbi kwenye soksi.

"Nyumbani kwako je? Mkeo?"

"Mke wangu alibaki Ulaya, mama. Muda sasa."

Hilo hatukulijua. Hata mama yake hakulijua. Watu walitazama chini.

"Kwa hiyo nani?"

"Hakuna," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu ashuke garini ambalo halikuwa limevaa suti. Mama Balozi alikigeuza kile kiatu, akakifuta vumbi kwa kanga. Nilijua shauri nimelishinda. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga tusi la kumsindikizia.

"Nimesikia," akasema hatimaye. "Kiatu ni cha mtani mpaka kikombolewe. Atakikomboa mwenyewe, kwa miguu yake, siyo kwa mtu." Akaninyooshea, nikakipokea. "Na mimi nitakwenda naye."

Sikuelewa. Nadhani hakuna aliyeelewa.

"Mama," nikasema, "uliniita nikuzuie usiende."

"Nilikuita umtukane. Umemtukana, nami nimeona alivyopokea." Hakuwa akizungumza kwa ukali. "Kiazi ukikifungia ghalani kabla jua halijakipiga sawasawa, kinaota ukungu. Kwa nje kizuri, ukikivunja unanusa. Huyu hana wa kumwanika. Utamwanika wewe, uko Malagarasi?"

"Amenivunja mkono."

"Nimeona. Ndiyo maana nakwenda."

Nilikasirika kuliko nilivyokasirika nyuma ya banda la kuku. Nilimwambia kuwa hiyo siyo hukumu, kwamba aliyekosa amepewa alichokuja kukichukua, na sisi nyumba kumi tumebaki mikono mitupu. Nilisema nani atapalilia kaburi Goweko. Akanijibu, "Wewe. Si hukai mahali? Basi pitia na hapo." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Sikucheka. Ningeshindwa na mtu mwingine yeyote ningekubali, lakini nilishindwa na yuleyule niliyekuja kumtetea.

Waliondoka jioni hiyo. Mheshimiwa alikataa kwenda na soksi, akavaa kandambili nyekundu za mama yake, visigino vikining'inia nje. Alivua na kiatu cha kulia, akakibeba mkononi. Alinijia karibu na gari. Mama yake alikuwa dirishani anatutazama sote wawili. Niliona anataka kusema neno. Nilimngoja, nikamwombea hata liwe tusi la mama, tusi la pwani yote.

"Samahani kwa usumbufu uliojitokeza," akasema.

Uliojitokeza. Kama vile usumbufu ulitoka wenyewe ardhini ukanishika mkono. Nilifungua mdomo kumjibu, mimi niliyezaliwa na matusi ya vizazi, na tusi halikuja.

Huu ni mwaka wa pili. Nyumba imefungwa, reli bado ipo mtini, na watoto wakiigonga kwa mchezo kuna wazee wanaotoka nje kabla ya kukumbuka. Maji machafu yanamwagwa milangoni, kesi zinakwenda kwa mwenyekiti, zinarudi na karatasi. Kaburi Goweko nalipalilia. Bega halijarudi vizuri. Ndoo ya asali naibeba kwa mkono wa kushoto.

Mama Balozi hunipigia. Anasema kila asubuhi mwanawe hawezi kutoka mlangoni kabla hajasikia maneno. Tai yako kama ulimi wa mbuzi aliyechinjwa. Unatembea kama mwenye nyumba na wewe mpangaji. Mwezi uliopita akaniambia, "Jana alinijibu. Alinitukana mimi mama yake, nikafurahi."

"Vizuri," nikamwambia. "Mimi bado sijafurahi."

"Najua. Kaa nayo hasira, lakini kiatu kipake dawa, ngozi isikauke."

Wakati mmoja mwanawe alituma dereva. Alinikuta Usoke, gari jeupe lilelile, ana kifurushi. Ndani kulikuwa na jozi mpya ya viatu na kadi yenye nembo. Nilimwambia kijana wa watu, kwa upole maana hakuwa na kosa, kwamba cha mtani hakikombolewi na mjumbe. Akaniambia, "Mzee, mheshimiwa mwenyewe ni mjumbe wa nchi." Nikamjibu kuwa nchi imtume kwingine, huku aje kwa miguu yake. Aliondoka na kifurushi chake.

Kiatu nakipaka dawa. Nakipaka ili siku akija asije akasema nimekiharibu. Juzi nyumba ya wageni Malagarasi, mvua inanyesha na sina pa kwenda, nilikiingiza mguu. Kimenikaa sawasawa, kama daluga ile. Na hilo nalo linaniudhi.